Waya Mzima, Darasa Halifunguki

Darasa la mtandaoni linapogoma kufunguka, neno la kwanza kusikika, kuanzia kwa mhadhiri hadi kwa mkuu wa kitengo, ni "mtandao". Mtandao unasumbua, mtandao uko chini, leo mtandao haueleweki. Zamani neno hilo lilikuwa na haki yake, na ninayoandika hapa ni kumbukumbu ya jinsi lilivyoipoteza haki hiyo mwaka baada ya mwaka, katika kona moja ya kazi ya ufundi: pale tovuti ya masomo ya Moodle inapotakiwa kuzungumza na seva ya mikutano ya video ya BigBlueButton. Ninachodai ni kwamba hitilafu nyingi za kuunganisha mifumo hii miwili zimeshahama kutoka kwenye waya na kuingia kwenye makubaliano: cheti cha usalama, ufunguo wa siri, orodha ya anwani zilizozuiwa, fomula ya uhakiki. Tabia yetu ya kutafuta kosa haikuhama pamoja nazo. Bado tunapima kasi ya intaneti, tunazima seva na kuiwasha, tunaomba bando liongezwe, ilhali tatizo limekaa kwenye mstari mmoja wa mipangilio ambao hakuna aliyeusoma.

Moodle ilitoa toleo lake la kwanza kamili mwaka 2002, kazi ya Martin Dougiamas wa Perth, Australia. BigBlueButton ilianza 2007 katika Chuo Kikuu cha Carleton, jijini Ottawa, Kanada. Zote mbili ni programu huria, na hiyo ndiyo iliyozikutanisha mapema, maana chuo kisicho na fedha za leseni kiliweza kuziweka zote kwenye mashine zake chenyewe. Miaka hiyo Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti. Mkongo wa SEACOM ulifika pwani yetu Julai 2009, na EASSy ukafuata 2010. Kwa hiyo aliyesema "mtandao" mara nyingi alikuwa amesema kweli. Hata pale tatizo lilipokuwa ndani ya chuo, lilikuwa la kushikika. Mawasiliano yalipitia Flash, na seva ilihitaji poti tatu ziwe wazi: 80, 1935, na 9123 ya kuonyesha kioo cha kompyuta kwa wengine. Fundi akikuta 1935 imefungwa na fayawoli, anaifungua, na kazi imekwisha. Ujumbe wa hitilafu ulioandikwa ndani ya programu-jalizi inayounganisha mifumo hii ni wa fikra hizo hizo: unamtaka msimamizi akague anwani ya seva ya BigBlueButton, na ahakikishe seva hiyo inafanya kazi. Mambo mawili tu. Wakati huo yalitosha, na sijaona sababu ya kuwalaumu walioyaandika.

Ili kuona kilichobadilika, ni lazima kwanza kutenganisha njia mbili ambazo watu huzichanganya. Njia ya kwanza ni ya seva kwa seva: Moodle inaipigia BigBlueButton, inaiambia ifungue mkutano, inauliza kama mkutano bado unaendelea, inaomba orodha ya rekodi. Njia ya pili ni ya mtumiaji: baada ya Moodle kumkabidhi kiungo cha kuingilia, kivinjari chake kinakwenda chenyewe hadi kwenye seva ya mikutano, na huko ndiko sauti na picha zinakopita. Njia moja inaweza kuwa nzima na nyingine imekufa. Katika njia ya kwanza kila ombi hubeba alama ya uhakiki, nayo hutengenezwa hivi: linachukuliwa jina la ombi, tuseme create au join, linaunganishwa na vigezo vyote vinavyofuata kwa mpangilio wao hasa, mwishoni unagandishwa ufunguo wa siri, kisha mfuatano wote huo unapitishwa kwenye fomula ya SHA-1, na zinatoka herufi na tarakimu 40. Seva ya BigBlueButton nayo inafanya hesabu hiyo upande wake. Matokeo yakilingana, mlango unafunguka. Yasipolingana, inarudisha jibu fupi lenye neno FAILED na sababu yake, checksumError. Hakuna waya uliokatika hapo. Kinachotosha kuleta kizaazaa chote hicho ni nafasi moja tupu iliyonakiliwa mwishoni mwa ufunguo pamoja na ufunguo wenyewe, au ufunguo wa zamani uliobaki kwenye Moodle baada ya seva ya mikutano kusimikwa upya. Amri ya bbb-conf --secret kwenye seva huonyesha anwani na ufunguo unaotumika kwa wakati huo. Kulinganisha herufi kwa herufi na kilichoandikwa ndani ya Moodle ni kazi ya dakika chache, na kuna vyuo vinavyopoteza wiki kabla ya kuifanya.

Badiliko kubwa lilikuja kupitia usalama. Desemba 2015 kivinjari cha Chrome, kuanzia toleo la 47, kilikataa kuruhusu maikrofoni kwenye ukurasa usio wa HTTPS. Mwezi huo huo Let's Encrypt ikaanza kutoa vyeti bila malipo kwa umma, kila kimoja kikidumu siku 90. Mambo hayo mawili yaliingiza kitu kipya katika kila darasa la mtandaoni: tarehe ya kuisha. Seva iliyofanya kazi jana ikaweza kukataliwa leo bila mtu yeyote kuigusa. Ushahidi ulio wazi kuliko yote ni wa tarehe 30 Septemba 2021, siku kilipokwisha muda cheti mzizi kilichoitwa DST Root CA X3, ambacho vyeti vingi vya Let's Encrypt vilikuwa vikiegemea. Mashine zilizosasishwa ziliendelea kama kawaida, kwa kuwa zilikuwa na mzizi mpya na programu inayojua kuutafuta. Mashine za zamani, hasa zenye OpenSSL ya toleo la 1.0.2 au la nyuma yake, zilianza kukataa vyeti ambavyo kwa kweli vilikuwa halali. Weka hilo katika hali yetu: Moodle iko kwenye seva kongwe, BigBlueButton iko kwenye seva mpya yenye cheti kizuri. Msimamizi anafungua anwani ya BigBlueButton kwenye kompyuta yake, anaona kufuli, ukurasa unakuja vizuri, anahitimisha kwamba seva ni nzima. Ni nzima kweli. Ila kivinjari chake hakikuwa shahidi wa shauri hili, kwa sababu anayekataa ni Moodle, na Moodle ina orodha yake ya vyeti inavyoviamini. Kipimo halali ni kile kinachofanywa kutoka ndani ya seva ya Moodle yenyewe: kuomba kwa curl anwani inayoishia na /bigbluebutton/api na kuangalia kama linarudi jibu lenye neno SUCCESS na namba ya toleo, au malalamiko kuhusu cheti.

Kuna kizuizi kingine ambacho naona ndicho kinachowashangaza mafundi wengi zaidi, kwa kuwa kinakwenda kinyume na akili ya kawaida. Matoleo ya karibuni ya Moodle huja na orodha iliyojazwa tayari ya anwani ambazo tovuti hairuhusiwi kuzipigia: localhost, safu za ndani kama 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16, na anwani ya 169.254.169.254. Poti zinazoruhusiwa ni 80 na 443. Matokeo yake, seva mbili zilizo kwenye chumba kimoja, zikiwa zimeunganishwa kwa waya wa mita moja, zinashindwa kuzungumza kwa sababu jina la seva ya mikutano linatafsiriwa kuwa anwani ya ndani. Hapo wapo wanaosema, tena kwa hasira ya haki, kwamba huu ni usalama uliopitiliza na dawa ni kuifuta orodha yote. Siwaungi mkono. Moodle ni tovuti inayopokea anwani kutoka kwa watumiaji wake na kuzifuata. Bila orodha hiyo, mwenye nia mbaya anaweza kuituma ikaulize mashine za ndani ambazo yeye mwenyewe hawezi kuzifikia, na ile 169.254.169.254 ndiyo anwani ambayo seva za kukodi za wingu huitumia kutoa taarifa zao za ndani, wakati mwingine hata funguo. Dawa ni kuiondoa kwenye orodha safu moja inayohusika, au kulifanya jina la seva ya mikutano lisomeke kwa anwani yake ya nje. Kazi ni ndogo, ila inamtaka mtu ajue kwamba orodha hiyo ipo.

Nakubali kwamba intaneti yetu si ya kutegemewa siku zote. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku kama hiyo neno "mtandao" linarudi kwenye haki yake. Lakini uhaba wa intaneti na kukosekana kwa makubaliano vina dalili tofauti, na mwenye kuzitazama hazimchanganyi. Intaneti dhaifu haina usawa: huyu anasikia, yule anakatika, picha inaganda kisha inarudi, asubuhi ni afadhali kuliko jioni. Makubaliano yaliyovunjika yana usawa wa ajabu: wote wanashindwa, hatua ile ile, kwa ujumbe ule ule, saa nane ya usiku sawa na saa nne ya asubuhi. Hata kwenye njia ya pili, ile ya sauti, ndivyo ilivyo. Sauti ya BigBlueButton husafiri kwa UDP katika poti za 16384 hadi 32768. Ofisi ikizifunga, wafanyakazi wake wote wataona ukurasa, wataona slaidi, wataandika kwenye soga, kisha watapata hitilafu namba 1007 wakijaribu kuunganisha sauti, huku mwanafunzi mwenye simu na bando dogo anaingia bila shida. Seva ya TURN inayopokea kwenye poti 443 huwapitisha walio nyuma ya fayawoli kama hiyo. Kuongeza kasi ya intaneti ya ofisi hiyo hakusaidii chochote.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaouliza kwa nini chuo kijisumbue wakati zipo huduma za kulipia zilizo tayari. Shule na vyuo vilipofungwa Machi 2020, huduma hizo ziliokoa masomo ya wengi, na sina sababu ya kuzibeza. Lakini ukitaka mahudhurio, rekodi na ratiba viingie kwenye Moodle, huduma ya kulipia nayo itadai ufunguo wake, ruhusa zake na tarehe zake za kuisha. Makubaliano hayafutiki, yanahamia mahali ambapo huwezi kusoma logi. Hata njia ya bure ina masharti yake. Tangu Moodle 4.0 ya Aprili 2022, BigBlueButton imo ndani ya Moodle, pamoja na seva ya bure ya Blindside Networks kwa wasio na yao: kipindi kisichozidi dakika 60, watu 25, rekodi za siku saba. Darasa linalokatika kila linapotimiza dakika 60 halina tatizo la intaneti. Linatumia seva ya bure, na aliyeiweka pengine hakujua. Kwa vyuo vya kwetu naona njia bora ni kushirikiana kupitia mitandao ya elimu na utafiti, kama KENET ya Kenya, TERNET ya Tanzania na RENU ya Uganda, ili wajuzi wachache wa kusoma logi wahudumie vyuo vingi.

Uhamaji wenyewe unaendelea. SHA-1 ni fomula iliyozeeka, na Moodle sasa inampa msimamizi uchaguzi kati ya SHA-1, SHA-256 na SHA-512, huku BigBlueButton nayo ikiwa na orodha yake ya fomula inazozikubali. Msimamizi wa seva ya mikutano akiifuta SHA-1 kwenye orodha hiyo, jambo ambalo mkaguzi yeyote wa usalama atampongeza kwalo, na mwenzake wa Moodle akaiacha ilipo, checksumError itarudi ingawa ufunguo ni sahihi hadi herufi ya mwisho. Ukurasa wa msimamizi utaendelea kumshauri akague anwani na ahakikishe seva imewashwa.