Watoto Wetu na Giza



Binti yetu wa pili anasoma Finland. Januari alitupigia simu akatueleza kwamba jioni, baada ya masomo, huenda na wenzake mlimani kucheza skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili zilizofungwa miguuni. Wengine husimama juu ya ubao mmoja. Baba yake alicheka. Mimi nilikosa usingizi.

Hapa Nyololo baridi tunaijua. Juni na Julai umande huganda mabondeni ukaunguza majani ya viazi. Lakini kuteleza usiku!

Nilimwuliza maswali, naye akanijibu moja moja. Kule majira ya baridi jua huwahi kuzama. Helsinki mwezi Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri. Anayengoja mwanga wa jua hatacheza siku za masomo. Kwa hiyo mlima umewekwa taa za umeme. Theluji iliyolainika mchana huganda usiku, ikawa ngumu na yenye utelezi zaidi, tena vivuli huficha matuta. Ndiyo maana huvaa kofia ngumu, hupunguza mwendo, wala hawaendi peke yao.

Alinisimulia pia habari za Philip Boit, mwanariadha Mkenya aliyejifunza skii hukohuko Finland. Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, alimaliza kilomita 10 akiwa wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mwishoni akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Tulimruhusu.

Maswali yaleyale tuliyaleta nyumbani. Mdogo wake huvuka barabara kuu ya Mbeya jioni akitoka mazoezi ya kwaya, malori yakishuka kwa kasi, na taa hakuna. Giza la ugenini hututisha. La kwetu tumelizoea. Sasa ana tochi na sweta jeupe, na hurudi pamoja na watoto wa jirani.

Mama mwenzangu, mtoto akikuomba ruhusa ya usiku, iwe ya theluji au ya kwaya, usianze na hapana. Uliza: Unakwenda na nani? Kuna mwanga? Utarudi saa ngapi? Ukiridhika, mwombee, umwache aende.