Ngumi Bungeni, Hasara kwa Wananchi

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Juma hili tutafakari yaliyotokea katika Bunge la Kenya tarehe 18 Desemba 2014.

Taifa lilikuwa katika maombolezo. Huko Mandera, watu 28 waliosafiri kwa basi waliuawa tarehe 22 Novemba, na wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe tarehe 2 Desemba. Mswada wa kurekebisha sheria za usalama uliletwa ili kuyakabili mauaji hayo. Je, waheshimiwa waliujadili kwa utulivu? Walirushiana makonde, wakachana karatasi, na Naibu Spika Joyce Laboso akamwagiwa maji. Mswada ukapita katikati ya makelele. Kesho yake Rais akautia sahihi. Februari 2015 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu 8, kikiwemo kile kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini.

Wapo wasemao kwamba wachache hawana silaha nyingine ila fujo. Hatukubaliani nao. Wenye wingi wa kura wakikataa kusikiliza, wamekosa. Lakini mwenye hoja akiinua ngumi, huizika hoja yake mwenyewe. Watu hukumbuka maji yaliyomwagwa, wakasahau vifungu vilivyopingwa.

Adabu bungeni si pambo. Ndiyo njia ya wafiwa wa Mandera kusikika mbele ya wanaotunga sheria kwa niaba yao. Basi tuwachague wanaojua kusikiliza, nasi tuanze kusikilizana katika jumuiya zetu.