Saa 15 Angani

Akina mama wenzetu, kanisani kwetu huwa tunamwombea mara kwa mara mama anayekwenda Marekani kumtunza binti yake aliyejifungua. Baada ya maombi, sisi wauguzi wa kikundi humketisha kando na kumwuliza: “Mama, unajua utaketi muda gani?”

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa John F. Kennedy, New York, ni takriban kilomita 11,800. Tangu Oktoba 2018 ipo ndege iendayo moja kwa moja bila kutua njiani. Kwenda huchukua kama saa 15, na kurudi kama saa 14, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ongeza saa tatu za kungojea Nairobi, foleni ya pasipoti, mizigo, na gari la kwenda nyumbani. Mama humaliza karibu siku nzima hajanyosha mgongo.

Miguu isipotembea, damu hutulia mishipani na yaweza kuganda. Donge likifika mapafuni laweza kuua. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya kuketi saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo karibu mara mbili. Kwa mwenye afya njema hatari bado ni ndogo. Lakini aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aliyewahi kuganda damu, au mwenye saratani, na amwone daktari kabla ya kununua tikiti.

Ndani ya ndege, inuka utembee mara kwa mara, na ukiwa umeketi zungusha nyayo. Kunywa maji, usijinyime kwa kuogopa choo cha ndege. Dawa za presha na kisukari ziwe katika mkoba wako wa mkononi, si katika sanduku linalowekwa chini. Tena, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 7 au 8, kufuatana na majira. Mwulize daktari mapema vidonge au sindano yako utaitumia saa ngapi.

Linalotuumiza zaidi ni mama anayeficha ugonjwa. Anaogopa watoto watamwambia asije, na mjukuu amemwona kwa picha tu. Tunamwelewa, kwani sisi pia ni wazazi. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Binti aliyejifungua juzi, aliye mbali na ndugu zake, atafanya nini akiwa na mtoto mchanga mkononi na mama yake kalazwa hospitalini?

Mama, kusema “nina presha” si kukosa imani. Mungu aliyekupa mjukuu ndiye aliyekupa mwili wa kumbeba. Utunze, kisha uende kwa amani.