Somo wangu na rufaa ya mumewe



Siku ya pili ya kusingwa nilimuuliza somo wangu swali la kipuuzi tu: mume akikaa mbali muda mrefu, mke afanye nini? (Wangu anafanya kazi Muscat, ndiyo maana.) Mikono yake ikasimama mgongoni mwangu.

"Mimi wangu hakusafiri, mwanangu. Alikuwa hapa hapa Unguja, jela."

Nyinyi wadogo huenda hamjui. Mzee Karume aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Mwaka uliofuata watu 81 walishitakiwa pamoja kwa uhaini, 18 kati yao wakiwa wamezuiliwa Bara, akiwemo Abdulrahman Babu. Kesi ilikwenda Mahakama ya Wananchi, ambako mawakili hawakuruhusiwa. Mwanasheria Mkuu, Wolfango Dourado, ndiye aliyeshitaki na ndiye huyo huyo aliyetakiwa kuwatetea. Hebu fikiria! Ushahidi mwingi ulikuwa maungamo, na wapo waliosema waliteswa. Hukumu ilitoka 1974, wengi wakahukumiwa kifo.

Somo alikuwa na miaka ishirini. "Eda sina, sikufiwa. Arusini siitwi, eti nina mkosi." Mama yake akamshikilia aende kwa kadhi akaombe kufasakhiwa. Alikwenda hadi mlangoni, akarudi. Nilimuuliza kwa nini, hakunijibu.

Rufaa zilichukua miaka. Baadhi walipunguziwa adhabu, mumewe akiwa mmoja wao. Lakini mwenyewe hakuanzia hapo. "Kila mtu alisema 'wale wa kesi ile'. Mimi nilitaka mtu mmoja tu alitaje jina lake peke yake, aseme huyu alifanya hili au hakufanya." Kwenye rufaa, anasema, ndipo lilipotajwa.

Mahakama zile zilifutwa 1985 na mawakili wakarudi. Siku hizi, ukishindwa Mahakama Kuu, kesi ya jinai inaweza kufika Mahakama ya Rufani, mbele ya majaji watatu. Likimfika ndugu yako, Allah atuepushe, na akahukumiwa pamoja na wengine, usingoje wao waanze. Omba nakala ya hukumu mara moja, maana siku za kukata rufaa zinahesabika, na mwambie wakili aoneshe ushahidi gani unamgusa yeye.

Nilitaka kumuuliza mumewe alirudi vipi, wakakutanaje. Akachota singo nyingine.

"Geuka," akasema. "Upande huu bado."