Ile 30 Haikuwa Yake

Jumatatu, 3 Machi 2025
Baada ya futari. Mchana tuliiweka loga ya mzizi kwenye kiwango cha INFO ili tufuatilie maombi ya wateja. Sehemu zote zinaandika logi isipokuwa ya malipo, ambayo haijatoa hata mstari mmoja wa INFO. Ijumaa niliifungulia DEBUG kwa saa moja, lakini kabla ya hapo nilisoma kiwango chake, nikapata 30, na nilipomaliza nikarudisha 30 ileile.

Jumanne, 4 Machi
Nimeliona kosa. Ile 30 haikuwa yake! Loga ya malipo haikuwa imewekewa kitu. Ilikuwa inamfuata mzazi. Mzizi wa Python huanza na WARNING, yaani 30, na getEffectiveLevel hupanda kwa wazazi mpaka impate aliyewekewa kiwango. Nikachukua cha mzazi, nikampachika mtoto. Tangu hapo mzazi akibadilika, mtoto habadiliki. Ningeisoma level yake mwenyewe ningepata 0, NOTSET, na kurudisha 0 kungeacha urithi ulivyokuwa.

Java imeliweka jambo hili wazi zaidi: katika java.util.logging, getLevel ikijibu null, hapo hapajawekwa kitu, tazama juu. Napenda jibu hilo. Linakataa kubahatisha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeanza kuandika mbinu za maktaba yetu ya logi. Za kusoma ziwe mbili, kwa sababu maswali ni mawili: umewekewa nini, na unafuata nini? Ya kuweka irudishe kilichokuwa kimewekwa hapo awali, hata kama ni utupu, ili anayebadilisha kwa muda awe na cha kurudishia. Na kuondoa kiwango kuwe na mbinu yake, mtu asilazimike kujua siri ya 0.

Nilitaka mbinu ziitwe pandisha na shusha. Nimezifuta. Kwenye Python DEBUG ni 10 na CRITICAL 50, lakini kwenye syslog 0 ndiyo hali mbaya kuliko zote na 7 ndiyo debug. Anayeambiwa apandishe ataelekea wapi? Jina libaki “weka”, na kiwango kitajwe kwa jina, si namba.

Ijumaa, 7 Machi
Malipo nimeyarudishia NOTSET saa nne asubuhi. Ombi la kwanza la mteja limeingia, na mstari wake wa INFO umeonekana.