Karatasi Ndani ya Nailoni

Fundi aliyenishonea kaptula za shule pale Kasulu alikuwa na karatasi moja katika mfuko wa shati, imekunjwa mara nne na kufungwa ndani ya nailoni. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya kibaraza, mguu wake uliacha kukanyaga cherehani na mkono ukaenda kifuani. Kilikuwa kibali chake cha kutoka kambini. Yeye alitoka Fizi, huko Kongo, akavuka ziwa mwaka 1996, mwaka uleule kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, na Kasulu mjini ni mbali kuliko hapo.

Sisi tulimwita Mkongo. Hata mama akinituma alisema, "Nenda kwa Mkongo ukachukue kaptula yako." Watoto tulimcheka Kiswahili chake, kwamba watu kwake ni "batu" na juu ni "yulu", naye alicheka pamoja nasi huku meno yameshika uzi.

Hatukumchukia. Unga na mbaazi za mgao vilipikwa majumbani kwetu, na nguo za sikukuu zilishonwa na mafundi wa kambini. Lakini kuku akipotea usiku, kabla jua halijapanda mtaa mzima ulishajua mwizi ni mkimbizi. Nani alimwona? Hakuna aliyeuliza. Mwisho wa mwaka 2012 kambi ya Mtabila ilipofungwa na Warundi kurudishwa kwao, watu walishusha pumzi, nami nikashusha pumzi pamoja nao. Nilikuwa na miaka ishirini, na hakuna Mrundi aliyewahi kunikosea.

Mwaka uliofuata baba aliuza ng'ombe watatu, nikaenda kusoma biashara Pune, India, jiji lenye makao ya kampuni ya Bajaj iliyozipa bajaji zetu jina. Pamoja na Watanzania wawili nilipanga chumba katika eneo linaloitwa Camp. Jina hilo limebaki tangu Waingereza walipoweka askari wao pale mwaka 1817. Siku hizi ni maduka, mikate na kelele za magari. Nilipompigia mama kumwambia naishi Camp, alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Kambini?" akauliza. "Mwanangu, wamekuweka kambini?"

Nilimweleza, akaelewa. Lakini sauti ile ya mama sijaisahau. Ilikuwa sauti ya mtu anayejua kambi ni nini, kwa sababu ameishi jirani nayo miaka mingi.

Chumba chenyewe hatukukipata kirahisi. Dalali alitupitisha nyumba sita. Tano zilikuwa wazi alipopiga simu, na zikawa zimeshachukuliwa tulipofika mlangoni. Mwenye nyumba ya sita alikubali, ila alilalamikia Fomu C, ile ambayo mwenye nyumba anatakiwa kuijaza kuijulisha serikali kwamba amelaza mgeni. Nami nilikuwa na siku 14 tangu kufika ili nijisajili: pasipoti, picha, barua ya chuo, mkataba wa pango, nakala za kila kitu. Nilipanga foleni siku tatu. Nilipopewa kibali cha ukaazi nilikikunja mara nne, na kwa kuwa mvua za kule zikianza Juni hazina simile, nikakifunga ndani ya nailoni.

Miezi kadhaa baadaye, nikiwa barabarani jioni, pikipiki ya polisi ilipunguza mwendo karibu yangu. Mkono ulienda kifuani kabla sijawaza lolote. Polisi walipita zao. Nilibaki nimesimama pale, nimeshika kifua, namwona yule fundi kama yuko mbele yangu.

Chini ya chumba chetu palikuwa na duka la mzee mmoja. Wote watatu alituita "Nigeria". Sisi tulimwita kaka, ambaye kwa Kimarathi ni baba mdogo. Mwaka wa pili, siku moja akinipimia mchele, aliacha mizani ikiyumba akaniuliza jina langu. Akalirudia mara tatu mpaka likamkaa mdomoni. Usiku ule nilimpigia mama kumsimulia habari hiyo tu.

Kisha ikaja tarehe 31 Januari 2016. Huko Bengaluru mwanafunzi wa Kitanzania, msichana, alipigwa na kundi la watu na kuchaniwa nguo, kwa sababu muda mfupi kabla gari la mwanafunzi Msudani lilikuwa limemgonga na kumuua mwanamke mtaani hapo. Yeye hakuwa ndani ya gari hilo wala hakumjua dereva. Alikuwa Mwafrika anayepita. Wiki ile hatukutoka baada ya magharibi. Wenzangu walizungumza juu ya Wahindi. Mimi nilikuwa nawaza kuku wa Kasulu.

Nilirudi katikati ya mwaka huo kwa basi, kupitia Nyakanazi na Kibondo, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Warundi walikuwa wameanza kukimbia tena tangu Aprili 2015, na kambi ya Nduta, Kibondo, ilikuwa imefunguliwa upya. Kwenye kizuizi kimoja askari aliwakagua abiria, lakini nyuso zetu hazikumsaidia. Kiha na Kirundi vinasikilizana, na sisi wenyewe tunafanana. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alianza kufungua nailoni yake, taratibu, asiichane.

Fundi nilimkuta Makere, karibu na kambi, mvi zimemjaa, cherehani ileile. Nilimwamkia kwa kupiga makofi kama tunavyowaamkia wakubwa wetu. Nikamwomba radhi kwamba miaka yote ile sikuwahi kumuuliza jina.

Akasimama. Akanitajia majina yake matatu, kisha namba ya kadi yake ya mgao, kisha idadi ya watu wa kaya yake, bila kupumua katikati, kama alivyozoea kuulizwa.

"Baba," nikamwambia, "nilitaka majina tu."

Akaketi, akayataja tena.