Usiku siafu walipotutembelea

Jamani, mimi ni mtoto wa Temeke. Wadudu niliokuwa nawajua ni watatu, mende, mbu na nzi, na dawa yao ilikuwa moja tu, ya kupuliza, inakaa juu ya kabati. Ndege niliyemjua ni kunguru, yule mwizi wa shingo ya kijivu ambaye asili yake ni India, akaletwa Zanzibar miaka ya 1890, halafu akavuka kuja kutuibia samaki huku bara. Basi. Mwaka jana mwezi wa nane baba watoto akapata uhamisho, tukafungasha na watoto wetu wawili, karibu kilomita 1,000 kwa basi mpaka Songea.

Kilichotupokea ni baridi. Watu wa Dar tunadhani Tanzania nzima ni joto. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi unamwogesha mtoto huku meno yanayogongana ni ya kwako.

Tulipanga Bombambili, nyumba yenye uwanja nyuma, mpapai, miembe miwili na banda la kuku. Kazi ya baba watoto ni ya kuzunguka, wiki hii Tunduru, wiki ijayo Namtumbo, kwa hiyo mimi na huo uwanja ndio tukawa tunaangaliana. Sina ndugu huku. Nikaanza kuona vitu ambavyo Dar nisingepoteza muda navyo. Mjusi wa jikoni niliyekuwa namfukuza kwa ufagio, kumbe kila taa ikiwaka anakaa palepale pembeni ya balbu, anawinda. Kunguru wa huku kifua cheupe, kama wamevaa fulana, na wana adabu kidogo.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwishoni mwa mwezi wa 11. Jioni ile kumbikumbi wakatoka ardhini, wakajaa kwenye taa ya barazani. Nikachukua dawa yangu, nikapuliza, wakaanguka lundo. Kugeuka, nawaona wajukuu wa jirani wamesimama na beseni la maji, midomo wazi. Bibi yao akaja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anaangalia sakafu. "Mwanangu, mboga hiyo umeitia sumu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini kesho yake aliniletea sahani ya wale waliokamatwa kwake, wamekaangwa na chumvi. Nilikula kwa aibu, nikamaliza kwa uroho.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Mwezi wa kwanza, usiku kama saa nane, kuku wakaanza kupiga kelele. Baba watoto hayupo. Nikajua ni mwizi. Nikahakikisha komeo la mlango, nikazima taa, nikawakumbatia watoto. Kelele zilienda kama dakika 20, kisha zikapungua, sauti moja moja, mpaka kimya. Nikamshukuru Mungu, mwizi kaondoka.

Halafu mdogo, wa miezi mitano, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia. Kuwasha tochi ya simu, ukuta wa chini ya dirisha mweusi, na unatembea. Siafu. Walikuwa wameshapanda chandarua, wameshafika kwenye sikio la mtoto.

Sikumbuki nilifunguaje mlango. Bibi nilikutana naye njiani, anakuja na taa, maana aliwasikia kuku. Kwake tukamvua mtoto, tukawatoa mmoja mmoja. Siafu ukimvuta kiwiliwili kinakatika, kichwa kinabaki kimeng'ata. Nikataka kurudi na dawa yangu, bibi akanishika mkono. "Waache wapite. Asubuhi hawapo." Mtoto alipotulia ndipo akasema, "Kuku walikuita. Ukisikia wanalia vile, unafungua banda wajiokoe wenyewe, halafu unatoa watoto. Siafu hamuwezi anayeweza kuondoka."

Asubuhi kweli hawakuwepo. Bandani kuku 7, mmoja alikuwa anaatamia, yamebaki manyoya na mifupa. Ndani ya nyumba hakuna mende hata wa dawa, na yule panya wa darini aliyetunyima usingizi miezi mitano, kimya. Baba watoto akanitania kwenye simu, eti tumefanyiwa usafi bure. Nilimkatia.

Hela ya kuku hainiumi. Zinaniuma zile dakika 20. Niliwasikia mwanzo mpaka mwisho, na wa mwisho aliponyamaza mimi nikamshukuru Mungu. Sikio la mtoto limepona. Mimi kuku akitetea tu mchana, natoka nje kuchungulia.

Nimenunua wengine wanne. Banda sikulirudishia kufuli, nimeweka kijiti, nakichomoa kwa mkono mmoja hata gizani, mwingine umebeba mtoto. Jioni nakaa na bibi barazani kwake, ananionyesha mambo yake. Mengine simwamini, hasa ya bundi, lakini nasikiliza.

Juzi mkubwa, ana miaka minne, kaja mbio. "Mama, siafu!" Roho ikapaa. Nikaenda nikainama kabisa kuangalia, ni sisimizi wadogo, wamebeba mayai yao wanapanda ukuta. Nikatazama Matogoro, wingu limeshuka mpaka katikati ya mlima. Nikaanua nguo.